Tezi dume kuvimba si saratani: kinyama ndicho kinachotoa jibu

Mzee anayeamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, akifika Kituo cha Afya Levolosi jijini Arusha, mara nyingi huja na hofu moja tu: saratani. Hofu hiyo ina msingi, kwani saratani ya tezi dume ni miongoni mwa zinazowapata zaidi wanaume wa Tanzania. Lakini tezi hutanuka kwa wanaume wengi umri unaposonga, na utanukaji huo haugeuki kuwa saratani. Ugumu ni kwamba vyote viwili vinaweza kukaa ndani ya tezi moja.

Wengi huamini kipimo cha damu cha PSA kinamaliza ubishi. Sivyo. PSA ni protini ya tezi dume yenyewe, iwe nzima au yenye saratani, na hupanda hata kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Kazi yake ni kumwambia daktari aendelee kutafuta.

Jibu liko kwenye kinyama, yaani sampuli inayotolewa kwenye tezi. Sindano huchukua vipande vyembamba, mara nyingi 12, ambavyo hulowekwa kwenye formalini, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vyembamba kuliko unywele, kisha mtaalamu wa patholojia huvitazama kwa hadubini. Mara nyingi macho yake yanatosha. Shida huja anapoona vijitezi vichache vyenye sura ya kutia shaka.

Kijitezi kisicho na saratani huzungukwa na safu ya nje ya seli, mithili ya ua wa boma. Seli hizo zina protini ya p63 na aina fulani za keratini. Saratani ya kawaida ya tezi dume haina safu hiyo. Maabara hutumia kingamwili zinazonasa protini hizo na kuacha rangi ya kahawia: duara la kahawia likionekana, ni dalili njema, likikosekana kabisa, shaka inaongezeka. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliandika katika jarida la JAMA kuhusu AMACR, kimeng'enya cha kuvunja mafuta ambacho hujaa kwenye seli za saratani hiyo. P63 ikikosekana na AMACR ikajaa, ushahidi ni mzito.

Hata hivyo, hakuna alama inayojitosheleza. AMACR huonekana pia kwenye mabadiliko yanayotangulia saratani, na baadhi ya vijitezi salama hupoteza safu yao hapa na pale. Halafu kuna jambo dogo lenye uzito mkubwa: kinyama kikichelewa kutiwa formalini, protini huharibika na kingamwili hukosa cha kunasa. Usahihi wa jibu unaanzia chumba cha kuchukulia sampuli, iwe Arusha au hospitali ya KCMC, Moshi.

Nta yenye kinyama hudumu kwa miaka na inaweza kupimwa upya. Kwa hiyo, ukiambiwa majibu yana mashaka, usikate tamaa wala usikimbilie dawa za mitaani. Muulize daktari wako kama kinyama kimepimwa protini hizi, na nta yake imehifadhiwa wapi.