Mpira Upitishao Petroli

Pikipiki imesimama kando ya njia, abiria ameshuka na mzigo wake, na dereva amepiga magoti matopeni. Amechomoa mpira mwembamba chini ya tangi, autazama, aupuliza. Umepasuka penye ncha. Aikata ncha iliyooza, aurudisha mahali pake, aukaza kwa ukanda uliokatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli, na safari yaendelea. Katika njia za Kasongo na Kabambare jambo hili ni la kila siku, hata hakuna amtazamaye. Kule Salamabila, ambako dhahabu ya Namoya imewavuta watu wengi, pikipiki ndiyo gari la mgonjwa, la mfanya biashara na la gunia la mchele. Na pasipokuwa pikipiki, pana mashine ya kuvuta maji mashimoni, au jenereta dukani, au msumeno wa mashine msituni. Zote zanywa petroli, ambayo wenyeji huiita esanse, na zote huinywa kwa mrija mmoja usiozidi unene wa kidole.

Wasomaji wapenzi, twataka kusema habari za mrija huo, maana tumeona mara nyingi mtu akichagua tairi kwa makini, akajadiliana bei ya mnyororo nusu saa nzima, kisha akaweka chini ya tangi lake mpira wowote ule alioukuta.

Kosa latoka katika jina. Sisi huita vitu vingi “mpira”, kana kwamba ni kitu kimoja. Mpira wa asili ni utomvu wa miti na mitambaa ya msituni. Ni ule ule ambao watu wa Kongo walishurutishwa kuugema kwa mateso makubwa enzi za Dola Huru, tangu 1885 hata 1908. Ni mpira mzuri kwa kazi nyingi, lakini petroli ni adui yake. Ushahidi umo katika sanduku la kila fundi wa baiskeli: ile gundi ya kuzibia pancha ni mpira ulioyeyushwa katika maji ya jamii ya petroli. Basi, kile kinachoyeyusha mpira ndani ya kichupa chaweza kuacha kuyeyusha mpira chini ya tangi? Mpira wa ndani wa baiskeli au wa gari, hata ule uliotengenezwa viwandani, haufai zaidi: hunywa petroli, hufura, hulegea, na ule ukanda aliofunga dereva wetu utateleza kabla ya juma kwisha.

Wengine hutumia mrija wa serumu kutoka hospitali. Wanaupenda kwa kuwa waonyesha petroli ikipita. Mrija huo ni plastiki iliyolainishwa kwa mafuta maalumu, na petroli huyanyonya mafuta hayo polepole na kuyapeleka kabureta. Plastiki ikiisha kukamuliwa hivyo, hunywea na kuwa ngumu kama kijiti, kisha hupasuka kwa mtikisiko wa njia. Mpira wa silikoni nao hudanganya, maana ni laini, unang’aa, tena wavumilia joto sana. Lakini katika petroli hufura kama maharagwe yaliyolowekwa.

Mpira ufaao petroli ni ule uitwao nitrili, uliobuniwa na wataalamu wa Ujerumani miaka ya 1930. Kwa kawaida ni mweusi, na ulio bora una nyuzi zilizofumwa kati ya tabaka mbili. Juu yake mara nyingi huandikwa NBR, au SAE J30 pamoja na R6 au R7, ndiyo alama ya mpira wa mafuta kwa mashine zenye kabureta. Pikipiki zisizo na kabureta, ambazo pampu husukuma petroli kwa nguvu, zahitaji mpira mwingine wa kuhimili msukumo huo, wenye alama ya R9. Atiaye ule wa kawaida ajitafutia ajali.

Wanafunzi watafurahi kujua kwamba swali hili huwasumbua pia watu wa mchezo. Katika nchi nyingi wako watu waundao ndege ndogo zenye injini ya kweli, wakaziongoza angani kwa redio wakiwa wamesimama chini. Nyingi zatumia methanoli iliyochanganywa na mafuta, na kwa hiyo mpira wa silikoni wafaa kabisa. Lakini mwenye kuhamia injini ya petroli akabaki na silikoni yake ya zamani, ndege humzimikia. Wengi wao hutumia mrija wa manjano wa Tygon, ambao nao huwa mgumu baada ya muda, na wenye kutaka udumu zaidi hununua Viton, ambao ni ghali.

Ndani ya tangi la ndege hizo mna mrija laini wenye kizito nchani. Ndege ikipinduka, kizito huangukia upande ule petroli iliko, na mrija humfuata. Mrija huo waloweka ndani na nje, usiku na mchana, ndiyo sababu huharibika kwanza. Ukiisha kukakamaa, kizito hakiendi popote, injini yavuta hewa tupu. Wapasua mbao wa Maniema watatambua habari hii mara moja, kwa kuwa tangi la msumeno wa mashine limeundwa vivyo hivyo. Msumeno uzimikao kila ulalapo ubavu, wala plagi haina neno, na utazamwe mrija wa ndani ya tangi.

Je, mnunuzi afanyeje sokoni, mahali ambapo maandishi yaweza kupigwa chapa juu ya mpira wowote? Sisi twashauri asinunue mita nyingi siku ya kwanza. Anunue kipande cha urefu wa kidole, akate viwili, kimoja akiweke kando. Cha pili akitie katika chupa ndogo ya kioo yenye petroli na kifuniko, akiiweka nje ya nyumba, kwenye kivuli, mbali na jiko na watoto. Kazi hii ni ya mtu mzima. Baada ya siku saba akitoe, akilaze kando ya mwenziwe. Kikiwa kimerefuka sana, kinanata vidole, au petroli imegeuka rangi, mpira huo haufai. Kikiwa sawa, bado asishangilie: akiache kikauke siku mbili, kisha akikunje. Mpira wa hila huonyesha hila yake wakati huo, kwa kunywea na kuvunjika. Mpira mwema huweza kunenepa kidogo sana, lakini hukunjika bila ufa.

Kuufunga nako kuna adabu yake. Tundu la mpira liwe dogo kidogo kuliko shingo ya koki, uingie kwa kusukumwa. Mpana haukazwi na kibano chochote. Usinyooke kama uzi wa gitaa, maana tangi na injini hutikisika kila kimoja kwa namna yake, wala usikunjwe kiasi cha kujibana. Usiguse bomba la moshi. Vibano viwili vya chuma, kimoja kila ncha, na chujio katikati. Na ule mtindo wa kuukata kila unapopasuka, mpaka umekuwa mfupi na kuvutika, twaona ni akiba ya hasara: kabureta mpya ni ghali kuliko mita nzima ya mpira.

Tusisahau moto, maana ndio uliotufanya tuandike. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini, watambaa sakafuni, hupita chini ya mlango, na ukifika penye taa ya mafuta au jiko la makaa huwaka na kurudi ulikotoka. Nyumba nyingi za kwetu huilaza pikipiki chumba kimoja na watoto kwa kuogopa wezi. Hofu hiyo twaielewa. Basi angalau koki ifungwe kabla ya taa kuwashwa, na baba apitishe kidole chini ya mpira aone kama ni mkavu. Petroli ikiwaka, maji huitawanya. Ni mchanga utakaouzima.

Kipande kile kilichowekwa kando kisitupwe. Kifungwe kwa karatasi, kiandikwe jina la duka na mwezi, kiwekwe koponi pasipo jua. Mpira ule ule ukidumu chini ya tangi mvua mbili, mwenye pikipiki atajua arudi kwa nani.