Joto la Mombasa, tukilitazama kutoka Thornton Heath

Mwezi wa Desemba jua la hapa linazama kabla ya saa kumi jioni. Umetoka kumchukua mtoto shuleni, umefika kwenye ule mnara wa saa wa High Street, magari yote yamewasha taa, na mtu aliyesimama kando yako kituoni anasema maneno ambayo wengi wetu tumewahi kuyasema: "Saa hizi Mombasa watu wako ufukweni." Hakosei. Desemba kaskazi imeshaanza kuvuma, na mchana wa Mombasa unafika nyuzi 31 au 32. Hapa nyuzi 8 ni siku njema.

Ofisini kwetu maneno hayo huja kila msimu wa baridi, na nyuma yake huja swali. Kuna anayetaka kuwapeleka watoto Mombasa au Dar es Salaam wakawaone jamaa waliobaki, likizo ya Agosti ikifika. Kuna anayefikiria kuhama Croydon kabisa, aende mji wa pwani wa hapahapa Uingereza, labda moyo utatulia. Kwa hiyo toleo hili tumeamua kuusema mji wa pwani wenye joto kwa uzuri wake na ubaya wake, kwa sababu kumbukumbu zetu zina tabia ya kubeba madafu na kuacha mbu.

Najua si nyote mlioishi pwani. Waliotoka Bukavu watasema wao baridi waliizoea tangu utotoni, na aliyekaa Nyarugusu au Nakivale huenda bahari aliiona mara ya kwanza kwa dirisha la ndege. Lakini wako wa Barawa waliopitia kambi ya Utange miaka ya 1990, wako Wabajuni, na wako Wakongo waliopanga vyumba Dar kwa miaka. Hata wewe ambaye hukukaa huko, siku moja huenda ukamtembelea aliyeko huko, na mambo ya mwisho wa makala haya yatakuhusu.

Tuanze na tunachokikosa kwa haki. Mombasa hulipi chochote kuipasha nyumba moto. Hapa, Januari, kadi ya mita ya gesi inakula pesa ya chakula, na mama anachagua ni chumba kipi kiwashwe hita. Kule nguo ukizianika saa nne asubuhi, saa sita unazikunja. Hapa unazitandaza sebuleni siku mbili, maji yake yanapanda ukutani, na baada ya wiki chache kuna kuvu jeusi kwenye pembe ya chumba cha watoto. (Fungua dirisha kidogo unapoanika na unapopika, hata kama baridi inaingia. Kuvu likizidi, mwenye nyumba ana wajibu wa kulishughulikia. Njoo tukusaidie kumwandikia.)

Halafu kuna baraza. Nyumba yenye joto inakusukuma nje, na nje kuna majirani. Mtoto anacheza uani na macho ya wanawake watano yako juu yake. Baridi hufunga milango, na wengi mnaotuambia mna upweke mnasema ulianza Novemba. Mwanga nao una kazi yake: Mombasa iko karibu na ikweta, kwa hiyo mchana ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima. London mchana wa Desemba haufiki saa nane, ingawa Juni unapita saa kumi na sita, na watoto wanakataa kulala kwa sababu "bado mchana." Ngozi yetu nyeusi inahitaji jua zaidi ili mwili utengeneze vitamini D, na hapa jua hilo halitoshi. Huduma ya afya inashauri watu wenye ngozi nyeusi wanywe kidonge cha vitamini D cha mikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima. Ni kidonge cha bei ndogo. Mwenye mimba au watoto wadogo na kipato kidogo anaweza kupata vitamini bure kwa mpango wa Healthy Start.

Sasa upande wa pili. Unaikumbuka Machi? Kaskazi imekufa, kusi haijaanza, ni maleleji, na bahari imelala kama mafuta. Usiku nyuzi hazishuki chini ya 24 au 25. Shida ya pwani si nyuzi peke yake. Mwili hujipoza kwa jasho linapokauka, lakini hewa iliyojaa unyevu hailikaushi, basi linatiririka tu bila faida. Ndiyo maana nyuzi 32 za Mombasa zinachosha kuliko nyuzi 32 za mahali pakavu. Mtoto mchanga anatoka harara shingoni na mgongoni, na chumba cha mabati hakilaliki hadi usiku wa manane. Mwenye feni ana nafuu, mpaka umeme ukatike.

Maji ndiyo tuliyoyasahau haraka kuliko yote. Kisiwa cha Mombasa hakina mto. Maji yake yanatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, na Baricho kando ya mto Sabaki, na Marere katika vilima vya Shimba. Hayatoshi mji uliokua hivi. Bomba linakauka siku nzima au wiki, na unamsubiri mwenye mkokoteni wa madumu ya lita 20, bei ikipanda kadiri shida inavyopanda. Visima vya karibu na ufuo vina chumvi. Dar nayo inategemea mto Ruvu, na mvua zilipokosekana mwaka 2022 maji yalitolewa kwa mgawo. Hapa Thornton Heath unafungua bomba la jikoni na unakunywa, na mwezi wa pili umeshaacha kushangaa.

Mvua nayo ikija, inakuja yote. Desemba 2011 bonde la Msimbazi lilifurika, watu wengi wakafa, na baadhi ya familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao na shule za watoto. Maskini wa mji wa pwani ndiye anayekaa mahali pa chini, kwa kuwa ndipo penye kodi ndogo. Sitasema mengi kuhusu chumvi inayokula mabati na friji, ingawa kila aliyenunua friji Likoni anajua hesabu yake.

Joto la hapa pia lisikudanganye. Tarehe 19 Julai 2022 Uingereza ilifika nyuzi 40.3 huko Coningsby, na London nayo ilipita 40. Nyumba hizi za matofali zilijengwa kushika joto, hazina feni wala upepo wa kukatisha. Siku kama hiyo fanya kama kwenu Machi: pazia zifungwe mchana, madirisha yafunguliwe usiku, maji yanywewe, na mzee wa ghorofani abishiwe hodi.

Kwa wenye selimundu jambo hili lina pande mbili zinazouma zote. Baridi inaweza kuamsha maumivu, kwa hiyo joto la pwani linaweza kuonekana kama dawa. Lakini malaria ni hatari mno kwa mgonjwa wa selimundu. Usimpeleke mtoto mwenye selimundu safari ya pwani kabla hujaongea na kliniki yake.

Je, pwani ya Uingereza? Kutoka stesheni ya Thornton Heath unakwenda East Croydon kwa dakika chache, na treni ya kutoka hapo inakufikisha Brighton kwa muda usiofika saa moja. Nenda siku moja ya Julai, chukua chakula nyumbani, watoto watafurahi. Ila usitegemee mchanga: ufuo wa Brighton ni kokoto, na bahari yenyewe hata mwishoni mwa kiangazi ni nyuzi 17 au 18 hivi. Kuhamia huko ni habari nyingine. Kodi za Brighton si ndogo, upepo wa Januari hauna huruma, na kila halmashauri ina masharti yake kuhusu nani anaweza kuomba nyumba na amekaa hapo muda gani. Ukiondoka Croydon unaweza kupoteza nafasi yako kwenye orodha, pamoja na shule, GP aliyekuzoea, na duka la Brigstock Road unalonunua muhogo na ndizi za kupika. Uhamie kwa kazi au kwa ndugu, sawa. Kwa kutafuta joto, hapana, halipo.

Limebaki la safari, na hili ndilo lililotufanya tuandike.

Watu wengi wanaougua malaria hapa Uingereza si watalii wa hoteli. Ni watu waliokwenda Afrika kuwaona jamaa. Sababu inaeleweka. Uliyekulia penye malaria uliumwa mara nyingi utotoni, mwili ukajifunza kupigana nayo, ukawa ukipata homa siku mbili unaamka. Kinga hiyo haidumu. Ukikaa London miaka michache inapungua bila wewe kuhisi, na mtoto aliyezaliwa Croydon hajawahi kuwa nayo hata siku moja. Unarudi na kumbukumbu ya mwili ambao huna tena. Shangazi atakuambia, "Mbona sisi hatunywi dawa?" Anasema kweli kwa upande wake, lakini yeye hakuondoka.

Basi wiki sita hadi nane kabla ya safari nenda kwa GP au kliniki ya wasafiri. Chanjo za homa ya matumbo na homa ya ini aina ya A kwa kawaida ni bure. Vidonge vya kuzuia malaria si bure, vinanunuliwa famasia, na kwa familia ya watu watano ni pesa nyingi. Viingize kwenye hesabu pamoja na tiketi, siyo baadaye. Mwambie mfamasia umri na uzito wa kila mtoto, na kama una mimba, kwa sababu dawa moja haiwafai wote. Klorokwini tuliyokuwa tukimeza zamani haitoshi tena Afrika Mashariki. Vidonge vinaendelea baada ya kurudi, vingine siku saba, vingine wiki nne. Wengi huviacha siku ya kutua Gatwick, na hapo ndipo wanapoumwa.

Beba chandarua na dawa ya kujipaka. Mbu wa malaria anauma usiku, lakini yule wa dengi na chikungunya anauma mchana, na kidonge cha malaria hakimzuii. Dar ilikuwa na mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mombasa ilipata chikungunya mwaka 2004, na ikarudi mwishoni mwa 2017. Madumu na ndoo za maji yaliyowekwa akiba ndimo anamozaliana, kwa hiyo yafunikwe. Mwenye mimba, kama safari inaweza kungoja, ingoje.

Mambo ya karatasi kwa ufupi. Hati ya kusafiria ya mkimbizi haikupeleki nchi uliyoikimbia, na kwenda huko kunaweza kuhatarisha hifadhi yako. Uliza mshauri wa uhamiaji kabla ya kulipa tiketi. Ukipokea Universal Credit, toa taarifa kabla ya kuondoka, na kwa kawaida safari isizidi mwezi mmoja. Ukiwatoa watoto shule zikiwa hazijafungwa, faini huanza pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto.

Watoto nao waambiwe mapema kwamba Agosti ni msimu wa kusi. Bahari inachafuka, mwani unajaa ufukweni, na usiku bibi yao atajifunika shuka akilalamika baridi kwa nyuzi 21. Watamcheka.

Mkisharudi, homa yoyote katika mwaka mzima unaofuata ichukuliwe kuwa malaria mpaka damu ipimwe. Usimeze Panadol ukangoja kesho, wala usijitibu kwa vidonge vilivyobaki. Piga simu 111 siku hiyohiyo. Ukizidiwa, nenda idara ya dharura ya hospitali ya Croydon pale London Road, ambayo wenyeji wa zamani bado wanaiita Mayday. Mtu wa kwanza kukupokea mwambie ulikuwa Kenya au Tanzania, na tarehe uliyorudi. Usisubiri uulizwe, kwa sababu hapa homa ya Oktoba kila mtu huidhania mafua. Kiingereza kikikushinda, omba mkalimani wa Kiswahili. Ni bure.