Maua ya jangwani yatakupambia boma bila kukumalizia maji

IWAPO unaishi Makueni, Kajiado, Voi au kwingineko ambako maji hununuliwa kwa mtungi, huenda umekwisha kujiambia kwamba bustani ya maua ni anasa ya watu wa Limuru. Nani atamwagilia waridi ilhali watoto hawajaoga? Una haki. Lakini yapo maua ambayo asili yake ni nchi zenye ukame kushinda kwenu, na ambayo huharibiwa na huruma zaidi kuliko jua.

Mbegu zake ni janja. Kule Death Valley, jimbo la California nchini Marekani, ardhi hukaa miaka mingi ikiwa tupu, kisha ghafla, kama ilivyotokea mwaka 2005 na tena 2016, hufunikwa na maua ya manjano. Mbegu huwa zimelala mchangani muda wote huo. Nyingi zina kemikali kwenye ganda inayozizuia kuchipuka, na manyunyu hayatoshi kuiosha. Husubiri mvua ya kuloweka ardhi kweli kweli.

Basi nawe, msomaji, fuata desturi hiyo. Panda Oktoba mvua ya vuli inapoanza, kwani Ukambani na Taita mvua hiyo hutegemewa kuliko ile ya Machi. Chagua mahali penye jua kutwa. Usitie samadi. Ndiyo, umesoma sawasawa! Samadi huufanya mmea unenepe majani na kusahau kuchanua. Ikiwa udongo wako ni mweusi unaotuamisha maji, changanya mchanga na changarawe kisha uinue tuta, maana mizizi ikikaa majini huoza.

Wengi wetu tumezoea kitalu, kama cha sukuma wiki. Hapa mbegu zipandwe papo hapo zitakapokaa. Popi ya California, kwa mfano, ina mzizi mmoja mrefu, na ukiing'oa kuihamisha aghalabu hufa. Mbegu ndogo ndogo zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzinyunyize, zisirundikane. Gailadia hutaka mwanga ili ichipuke, kwa hivyo usiifukie, ibonyeze tu kwa kiganja. Zinia ifukie nusu sentimita. Halafu tandaza matawi ya miiba juu ya tuta, la sivyo utakuwa umewapikia kuku.

Mvua ikikatika katika wiki mbili tatu za kwanza, loanisha udongo. Miche ikishafika kimo cha kiganja, punguza. Maji uliyooshea mboga yatatosha. Yamwage shinani, kwani majani ya zinia yakilowa mara kwa mara hushikwa na magonjwa ya ukungu.

Je, ungependa maua ya mezani au ya kupeleka kanisani? Hapa ndipo wengi huponzwa. Gazania ya Afrika Kusini na popi hufumba jua likitua au wingu likitanda, hivyo ziache nje zipambe kiwanja. Za kukata ni gailadia na zinia, ambayo asili yake ni Mexico. Amka mapema, shika shina la zinia sentimita 20 chini ya ua, ulitikise. Likilegea, bado ni changa na kesho litainama chomboni. Likisimama kama ufito, kata. Ondoa majani yote yatakayozama, badilisha maji kila baada ya siku mbili, na ua litadumu karibu wiki nzima. Kadiri unavyokata ndivyo mmea unavyotoa mengine.

Na lile waridi la jangwani lenye shina nene, lile la Tsavo? Tafadhali usilichimbue porini. Huota vizuri kwa mbegu, tena mbegu mbichi huchipuka kwa muda wa wiki moja hivi. Ila utomvu wake ni sumu, ambayo wawindaji wameitumia kwenye mishale tangu jadi, basi lisiwe karibu na watoto wala lisikatwe kuwekwa chomboni.

Mwishoni mwa msimu acha vichwa kadhaa vya zinia na gailadia vikauke juu ya mmea. Pukuchua, tia mbegu katika bahasha ya karatasi, wala si mfuko wa plastiki, na uziweke pakavu mbali na panya hadi Oktoba. Ikiwa ulinunua mbegu za chotara, usishangae watoto wakikosa kufanana na mama yao.