Gari Lililoshushwa na Unyoofu wa Magurudumu Yake

Pikapu zinazotafutwa na vyama vya msingi vya Matombo kwa ajili ya kupeleka ndizi, mananasi, nazi na viungo Morogoro, nyingi zake ni magari yaliyokwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa kwa meli Dar es Salaam. Miongoni mwake hutokea gari ambalo mwenyewe wa kwanza, kwa kupenda mwendo wa kasi, alilishusha: alipunguza urefu wa springi ili bodi ikaribie ardhi. Rangi yake hung'aa, injini hunguruma vizuri, na bei huwa ya kuvutia. Kamati hulipa. Baada ya miezi michache matairi ya mbele yameliwa upande wa ndani hadi nyuzi zinaonekana, na mkutano mkuu unauliza fedha za wanachama zimekwenda wapi.

Yafaa ifahamike kuwa kulishusha gari si upuuzi kwa lilikokusudiwa. Gari la mashindano likiwa chini, uzito wake nao huwa chini, na kwenye kona haliinami sana. Katika barabara ya lami iliyonyooshwa kama meza hiyo ni faida. Lakini hata magari ya mashindano hufuata njia yake. Datsun 240Z, ambayo ni gari la michezo hasa, ilishinda Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Kwa njia zile za mawe na tope gari hilo liliinuliwa, halikushushwa.

Urefu wa gari na unyoofu wa magurudumu ni jambo moja. Gurudumu la mbele la pikapu ndogo au saluni limeshikwa na mikono ya chuma inayopanda na kushuka kama bawaba ya mlango. Kiwandani mikono hiyo ilipimwa ili gurudumu lisimame sawa katika urefu fulani wa gari. Ukibadili urefu, mikono hupinda kwa pembe nyingine, na gurudumu hubadilika kwa namna tatu. Kwanza, kichwa chake huinamia ndani. Ndiyo sababu tairi huliwa ukingo wa ndani. Pili, egemeo ambalo gurudumu hugeukia linaweza kulala mbele au nyuma kuliko ilivyokusudiwa, hasa kama gari limeshushwa nyuma na mbele kwa vipimo tofauti. Hapo usukani huwa mwepesi mno au mzito, au haurudi wenyewe baada ya kona. Tatu, na hili ndilo lenye hasara kubwa kuliko yote, magurudumu mawili huacha kutazama mbele sambamba.

Hasara hiyo inaweza kuhesabiwa kwa penseli. Chukua tairi lenye kipenyo cha sentimita 60. Ikiwa ukingo wake wa mbele umepotoka nusu sentimita tu kulinganisha na ule wa nyuma, basi katika kila kilomita moja gurudumu hilo huburuzwa kando mita 8 hivi. Kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 190. Tairi hilo litakuwa limesuguliwa kando zaidi ya kilomita moja na nusu kwa safari moja ya kwenda. Dereva hataona kitu, kwa sababu magurudumu yote mawili yakikosea kwa kiasi kilekile gari huendelea kunyooka. Kiganja ndicho kinachotambua: kikipitishwa juu ya tairi kwa upana, upande mmoja huteleza na upande wa kurudi hukwaruza kama msumeno.

Hatari nayo ipo, mbali na gharama. Katika gari lililoshushwa, fimbo za usukani, yaani tairodi, hazilali tena sambamba na mikono ya gurudumu. Gurudumu likiingia kwenye shimo hupanda, tairodi hulivuta, nalo hugeuka lenyewe bila dereva kugusa usukani. Katika miteremko ya Uluguru, ambako maji ya masika huchimba makorongo katikati ya njia, gari la namna hiyo halifai kubebeshwa watu wala mazao. Aidha, baadhi ya pikapu zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Kazi yake ni kupima mzigo kwa kuangalia bodi imeshuka kiasi gani. Pikapu iliyoshushwa nyuma huidanganya vali hiyo kuwa imepakia. Breki za nyuma hupata nguvu nyingi gari likiwa tupu, na magurudumu hufunga njia ikiwa na utelezi.

Malori yenye ekseli moja ya chuma na springi za bapa ni habari nyingine. Kichwa cha gurudumu hakiinami springi zinapolegea, kwa kuwa ekseli ni ileile. Hata hivyo springi ya upande mmoja ikichoka kuliko ya pili, usukani hukaa mshazari, na boliti ya katikati ikikatika ekseli yenyewe husogea. Kipimo chake ni kamba: kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma, kulia na kushoto. Vipimo visipolingana, lori linatembea upande.

Kwa pikapu iliyoshushwa, kosa linalofanywa mara nyingi ni kuipeleka moja kwa moja kunyoshwa magurudumu. Fundi hunyosha, hulipwa, na shida ya tairodi na vali inabaki palepale. Kwa njia za Matombo gari lirudishwe kwanza kwenye urefu wake, kwa springi zilizo sahihi. Kisha zitazamwe bushi, boljointi na beringi, kwa maana kunyosha gurudumu linalocheza ni kazi bure. Upepo wa matairi usawazishwe. Gari likishatoka kwenye jeki lisukumwe mbele na nyuma kidogo ili springi zikae, ndipo lipimwe mahali palipo tambarare: egemeo, halafu mwinamo, na mwelekeo wa magurudumu mwisho, kwa kuwa hayo mawili ya kwanza yakirekebishwa huuvuruga.

Katibu asiye na mashine anaweza kuanza na timazi ya mwashi na futi kamba. Apime kutoka kitovu cha kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake, gari likiwa tupu, aandike namba hizo nne katika daftari la gari pamoja na tarehe na kilomita. Zipimwe tena kila mwezi. Namba moja ikipungua kuliko wenzake, springi ya pembe hiyo imeanza kuchoka, na tairi lake litafuata.