Usingizi wa Mvuvi wa Dagaa

Usiku wa giza ndio usiku wa dagaa. Wavuvi wa Bagamoyo hutoka jioni, huwasha taa baharini ili samaki wafuate mwanga, na alfajiri hurudi pwani kuuza. Mtu anapojilaza kitandani, jua limeshapanda. Akiamka saa nane mchana atakwambia amepata masaa sita, yanatosha. Mimi nasema hayalingani na masaa sita ya usiku.

Usingizi una hatua nne. Ya kwanza ni kusinzia kwa dakika chache. Ukimwita mtu hapo, anakana kabisa kwamba alilala. Ya pili ni usingizi mwepesi, ambao huchukua karibu nusu ya usiku. Ya tatu ni ule wa fofofo: homoni ya ukuaji humwagika, mwili hujikarabati. Ya nne ni ya ndoto, iliyogunduliwa na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman huko Chicago na kutangazwa mwaka 1953. Macho hucheza chini ya kope, ubongo huchangamka, ila misuli hulegezwa ili usimrushie ngumi unayemwota.

Wakati mwingine akili huzinduka kabla misuli haijafunguliwa. Unaona chumba, husemi, hugeuki, kifua kizito. Hilo ndilo jinamizi. Huwapata zaidi waliokosa usingizi au wanaolala ovyo ovyo, na huondoka lenyewe. Kabla ya kwenda kunywa kombe ukidhani ni shetani, jiulize kwanza wiki hiyo ulilala vipi.

Mzunguko mmoja wa hatua hizi huchukua kama dakika 90, na kwa usiku hurudiwa mara nne hadi sita. Fofofo hujaa mwanzoni. Ndoto huongezeka kuelekea alfajiri. Kwa hiyo anayekatisha masaa mawili ya mwisho hupoteza hasa ndoto, ambazo husaidia kupanga kumbukumbu na kutuliza hisia.

Kwa mvuvi, kasoro ni wakati wenyewe. Saa ya mwili hufuata jua. Mwanga huzuia melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, na joto la mwili linalopaswa kushuka hupanda mchana, sembuse chini ya bati miezi ya kaskazi. Ndiyo maana hulala vipande vipande. Hali hiyo ikiendelea kwa miaka, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huongezeka. Mwaka 2007 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kazi ya zamu za usiku miongoni mwa mambo yanayoelekea kusababisha saratani. Mwaka 2019 wakashikilia hivyo hivyo.

Siwezi kumwambia mvuvi aache giza, ndilo linalomlisha. Ila kahawa ya asubuhi pale sokoni aiache: masaa matano baadaye karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Chumba kitiwe pazia zito, dirisha lipitishe upepo. Nanyi wa nyumbani, redio izimwe, na mgeni aambiwe arudi alasiri.