Kadi ya Kliniki Iliishia Wapi? Kijana Asiyeumwa na Daktari Wake

Hebu jiulize: mara ya mwisho kwenda hospitali ukiwa huumwi popote ilikuwa lini? Kama umekulia Tanzania, huenda jibu likawa "enzi zile mama ananipeleka kliniki." Tuanzie hapo hapo.

Mtoto mdogo ana ratiba. Anapimwa uzito, nesi anauandika kwenye kadi, na chanjo zina tarehe zake. Ya surua na rubela, kwa mfano, anachomwa akiwa na miezi 9 na anarudia akiwa na miezi 18. Mama akichelewa, anaulizwa. Tena, kwa mujibu wa sera, mtoto wa chini ya miaka 5 anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Akishavuka hapo, msamaha unakwisha na kadi inaingia kabatini. Msichana anaweza kurudi kwenye ratiba siku akipata ujauzito. Mvulana je? Yeye anasubiri augue.

Basi, kijana mzima anatakiwa amwone mtaalamu wa afya mara ngapi? Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinapendekeza mara moja kwa mwaka, kuanzia miaka 3 hadi 21. Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF nao walitoa mwongozo mwaka 2023, wakizishauri nchi kupanga ratiba ya kuwaona watoto wasioumwa na kuiendeleza mpaka ujanani, badala ya kuikatia utotoni.

Utasema: lakini si vijana ndio wenye afya kuliko watu wote? Ni kweli, wengi hawaumwi. Tatizo ni kwamba yapo mambo yanayoanza kimyakimya katika umri huu. Tuangalie matatu.

La kwanza ni damu. Wakati wa balehe mwili unakua kwa kasi na unahitaji madini mengi ya chuma. Msichana, juu ya hapo, anapoteza damu kila mwezi. Utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Binti anayesinzia darasani anaweza kuitwa mvivu, kumbe tone moja la damu kidoleni lingetoa jibu ndani ya dakika chache.

La pili ni saratani ya mlango wa kizazi. Karibu visa vyote vinatokana na kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa njia ya ngono, na saratani yenyewe huchukua miaka mingi kujitokeza. Chanjo inafanya kazi vizuri zaidi kabla mtu hajakutana na kirusi. Ndiyo maana Tanzania ilianza mwaka 2018 kuwachanja wasichana wa miaka 14, dozi mbili, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Ona kilichofanyika: wahudumu wanawafuata mabinti shuleni, hawawasubiri zahanati.

La tatu ni akili. WHO inasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili hujitokeza kabla ya miaka 14, na nusu kabla ya 18. Hili halina sindano wala kipimo cha damu. Linahitaji mtu wa kuuliza, "unalalaje siku hizi?" na kijana wa kujibu bila mzazi kukaa pembeni. Kwa hiyo faragha nayo ni sehemu ya huduma. Sheria ilishaliona hilo kwa upande wa VVU: tangu mwaka 2019 kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi.

Hii haimaanishi ukapime kila kitu maabara. Vipimo vingi bila sababu vinakula hela na vinaweza kukutia hofu ya bure. Mambo ya msingi ni machache: urefu na uzito, presha, wingi wa damu, macho, meno, chanjo ulizokosa, na mazungumzo ya faragha. Wala huhitaji bingwa. Nesi au tabibu wa zahanati anatosha kuanzia. Uliza kama wana huduma rafiki kwa vijana, maana baadhi ya vituo hutenga muda au chumba kwa ajili hiyo.

Kwa kuwa hakuna kadi itakayokukumbusha, jipangie tarehe mwenyewe. Mwezi uliozaliwa haujisahaulishi. Na kama una mdogo wako wa sekondari, likizo ijayo mwende wote.