Ini Halifuliwi

Swali hili limenichosha. Mama mwenye mimba ya miezi minane anapanda bodaboda kutoka Suma hadi Tukuyu, viganja amevichubua kwa kujikuna usiku kucha, halafu anachouliza ni: "Daktari, ninywe nini nisafishe ini, mtoto asije akawa mlafi?" Jirani mmoja kamwambia muwasho ni nywele za mtoto. Mwingine kamuuzia chupa ya shubiri, limao na magadi.

Nywele zilizo ndani ya mfuko wa uzazi zinafikaje kwenye nyayo za mama? Tuje kwenye chupa. Ini si sufuria, halina masizi ya kukwangua. Muwasho wa viganja na nyayo usio na vipele, unaozidi usiku katika miezi mitatu ya mwisho, huweza kuwa ni nyongo iliyokwama: homoni za ujauzito zimelichelewesha ini kuitoa, asidi zake zikamwagikia kwenye damu. Shubiri inaharisha utumbo, basi. Unachokiona chooni ukakiita uchafu wa ini ni chakula cha jana na maji ya mwili wako, na mimba kubwa haiharishwi. Muuzaji akisema dawa yake ni ya asili, mkumbushe kuwa hata sumu ya muhogo mchungu ni ya asili.

Hofu hiyo ya mtoto kuwa mlafi ina chembe ya ukweli. Kwa kawaida mtoto hutoa asidi zake za nyongo kupitia kondo la nyuma kwenda kwa mama. Damu ya mama ikijaa, zinamrudia. Nazo hazisagi mafuta tu. Ukishakula, huziamsha seli za utumbo zitoe homoni inayouambia ubongo "imetosha". Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya vijana wa Finland wenye miaka 16, ambao mama zao waliwahi kukwama nyongo wakiwa wajawazito. Wavulana walikuwa wazito zaidi kulingana na urefu wao, insulini yao juu. Wasichana walikuwa na viuno vinene zaidi. Lakini walipima viuno na damu, sahani hawakuzigusa. Mtoto anayelia baada ya uji mwepesi ana njaa, msilisingizie ini la mama yake.

Mnaogopa ulafi wa kesho, mimi naogopa mtoto kufia tumboni leo. Uchambuzi wa mwaka 2019 ulionesha kuwa asidi za nyongo zikifika 100 kwenye kipimo, watoto wapatao 3 katika 100 hufa kabla ya kuzaliwa. Zikiwa chini ya 40, hatari ni kama ya mimba nyingine.

Kwa hiyo: nenda kliniki, sema wazi "viganja vinawasha, vipele sina". Omba kipimo cha ini na cha asidi za nyongo. Visipopatikana, omba rufaa hadi hospitali ya Meta, Mbeya. Asidi zikiwa juu sana, unaweza kuzalishwa wiki ya 35 au 36. Vidonge vya ursodioksikoliki, vinavyotolewa kwa nyongo iliyokwama, vilijaribiwa Uingereza kwa wanawake 605: havikumkinga mtoto, muwasho vilipunguza kidogo tu. Maji ya baridi na nguo nyepesi za pamba husaidia kulala. Ukijifungua muwasho huisha. Nyonyesha, mpime mtoto uzito kila mwezi. Macho ya manjano, kichwa kuuma sana, maumivu chini ya mbavu za kulia, mtoto kupunguza kucheza: usisubiri tarehe ya kliniki, njoo siku hiyohiyo.

Na ile chupa, kama umeshaionja, njoo nayo. Tutahitaji kujua ulichokunywa.